Harufu ya Mayai Viza Njia Panda ya Gede: Kisa cha Salfa Iliyobaki Katika Petroli

Mpwa wangu ana gari dogo analolifanyia kazi ya teksi kati ya mji wa Malindi, uwanja wa ndege na hoteli za Watamu. Gari hilo lilitumika Japani kwa miaka saba kabla ya kushushwa Mombasa. Mwezi wa tatu baada ya kulinunua, abiria walianza kumlalamikia harufu ya mayai viza, naye akaifuatilia kwa makini kuliko nilivyotarajia. Aligundua kwamba gari likikimbia kwa mwendo mmoja kutoka Malindi hapakuwa na harufu yoyote. Alipofika njia panda ya Gede, akaondoa mguu kwenye mafuta ili apite matuta taratibu, kisha akakanyaga tena kuingia barabara ya Watamu, ndipo harufu ilipopanda, ikakaa dakika moja au mbili, ikapotea. Wiki mbili baadaye taa ya injini iliwaka, na kipimo cha fundi kikasoma kosa nambari P0420, ambalo maana yake ni kwamba masega ya ekzosi hayafanyi tena kazi yake kwa kiwango kinachotakiwa.

Masega ni jina zuri walilolipata mafundi kwa kile kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mabadiliko ya gesi za moshi bila chenyewe kuisha, kilichofungiwa ndani ya bomba la ekzosi, kwa sababu ukikipasua unakuta vijitundu vilivyopangana kama sega la nyuki. Juu ya kuta za vijitundu hivyo pamepakwa tabaka jembamba lenye platinamu, paladiamu na rodiamu, pamoja na oksaidi ya seriamu ambayo kazi yake ni kuhifadhi oksijeni na kuitoa inapohitajika. Metali hizo ni za thamani, na ndiyo sababu masega yakitolewa katika gari huwa hayakosi mnunuzi.

Fundi alitoa hukumu mbili kwa pamoja, kwamba petroli imechanganywa na mafuta ya taa, na kwamba masega yameshakufa, hivyo yatolewe na pawekwe bomba tupu. Mpwa wangu alinipigia simu jioni hiyo. "Mjomba, wewe ndiwe uliyezeeka na petroli. Niyatoe?" Nilimwomba asubiri. Nimefanya kazi miaka mingi katika maabara ya kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, hadi kilipoacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, na swali lake lilinigusa kwa sababu jambo hili hujadiliwa gereji kana kwamba limeanzia gereji, ilhali sehemu yake kubwa huamuliwa mbali sana na Malindi, ndani ya mtungi wa chuma wenye joto la nyuzi karibu 300.

Nilianza na petroli yenyewe. Nilichukua kidogo kutoka kwenye tangi nikainusa, kisha nikatia matone kwenye kitambaa cheupe nikaacha yakauke. Haikuwa na harufu ya mayai viza wala ya vitunguu vilivyooza, na haikuacha doa la mafuta mazito. Hili lilikuwa dokezo la maana sana, maana harufu ya mayai viza hutokana na salfa, na salfa katika petroli huja kwa sura mbalimbali, na kila sura ina tabia yake. Merkaptani, ambazo ni molekuli nyepesi zenye salfa iliyoshikamana na haidrojeni, hunuka vibaya hata zikiwa chembe chache mno. Kama zingekuwapo, pua ya mtu yeyote ingezitambua pale kituoni wakati wa kujaza. Viwanda huzishughulikia mapema, aidha kwa kuziosha na soda kali au kwa kuziunganisha mbili mbili ziwe disalfaidi zisizo na ukali huo. Njia hii ya pili huitwa kulainisha mafuta, nayo imewapoteza wengi, kwa sababu huondoa harufu bila kuondoa salfa. Petroli inaweza kuwa safi puani na bado imebeba salfa ile ile.

Dokezo la pili lilitoka kwa mume wa mpwa wangu, ambaye ana boti ya kupeleka wageni matumbaweni na hununua petroli katika kituo kile kile. Mashine ya boti yake haina masega, na hajawahi kusikia harufu hiyo. Waendesha bodaboda wa jirani walisema vivyo hivyo. Kwa hiyo mafuta yalikuwa yale yale na hayakunuka, na injini nyingine zilizoyachoma hazikutoa harufu, ila hili gari moja lenye masega. Mpwa wangu alijaza pia mara mbili katika kituo kingine, na harufu haikubadilika. Nikaiweka kando dhana ya mafuta ya taa. Sisemi kwamba mchanganyiko huo haufanyiki nchini. Hata ushuru wa shilingi 18 kwa lita uliowekewa mafuta ya taa mwaka 2018 ulikusudiwa kuuzuia. Lakini hapa ushahidi haukuelekea huko.

Kama si merkaptani, ni nini basi? Kwa kiasi kikubwa ni thiofini na ndugu zake, na hapa lazima nirudi kiwandani, kwa sababu ndipo kisa kilipo.

Mafuta ghafi yakipashwa moto na kutenganishwa katika mnara mrefu, sehemu nyepesi inayoitwa nafta hutoka juu. Nafta hiyo ya moja kwa moja haina shida kubwa ya salfa katika petroli ya mwisho, kwa kuwa kabla ya kuongezewa oktani, yaani uwezo wa kustahimili mgandamizo bila injini kugonga, katika mtambo wa platinamu ni lazima isafishwe kwa haidrojeni hadi salfa ibaki chini ya sehemu moja kwa milioni, au platinamu itaharibika. Changamwe, ambako kazi ilianza mwaka 1963, tulikuwa na mpango wa aina hiyo na hatukuwa na mtambo wa kuvunja mafuta mazito. Viwanda vikubwa vya leo havitosheki na nafta hiyo peke yake. Huyachukua mafuta mazito yaliyobaki chini ya mnara na kuyavunja kwa kichocheo cha unga katika joto la nyuzi zaidi ya 500, yakawa petroli. Petroli hii ya kuvunjwa huwa kama theluthi moja ya petroli yote ya kiwanda, lakini huchangia zaidi ya asilimia 90 ya salfa yake. Anayetaka kujua salfa ya gari la Malindi ilitoka wapi, basi kwa uwezekano mkubwa ilitoka hapo.

Katika petroli hiyo salfa imejificha. Thiofini ni pete ya atomi tano, nne za kaboni na moja ya salfa, na salfa hiyo imeshikwa pande mbili katika pete iliyo imara. Huwezi kuiosha kwa soda. Huwezi pia kuitenganisha kirahisi kwa kuchemsha, kwa sababu thiofini huchemka kwenye nyuzi 84, katikati kabisa ya petroli yenyewe, huku benzothiofini ikichemka karibu na nyuzi 221, mwishoni mwake. Njia iliyozoeleka ni kuivunja pete: petroli huchanganywa na haidrojeni, hupashwa moto hadi nyuzi 250 au 300 na kitu, kwa mgandamizo wa mara 15 hadi 30 ya ule wa hewa tunayovuta, kisha hupitishwa juu ya punje za kichocheo. Molekuli moja ya thiofini hutumia molekuli nne za haidrojeni, na huacha butani na haidrojeni salfaidi, ile gesi yenye harufu ya mayai viza.

Punje hizo ni za alumina, yaani oksaidi ya alumini, yenye matundu madogo yasiyoonekana, na ndani yake mna molibdeni na kobalti. Jambo ambalo liliwashangaza wanafunzi wengi waliopita maabara yetu ni kwamba kichocheo hiki hakifanyi kazi kikiwa kisafi. Ni lazima kilishwe salfa kwanza, molibdeni iwe salfaidi, ijipange katika vipande vyembamba kama magamba ya samaki. Kazi haifanyiki juu ya uso wa gamba bali ukingoni, pale kobalti inapokaa na kuacha nafasi tupu ambayo salfa ya thiofini huingia. Haidrojeni huja, huivuta salfa ile, nafasi hubaki wazi tena, na mzunguko huanza upya. Henrik Topsøe na wenzake nchini Denmark ndio walioonyesha kwa vipimo jinsi kobalti inavyokaa katika kingo hizo. Kwangu mimi hii ni miongoni mwa kazi nzuri kabisa za kemia ya viwanda, kwamba kitu kinachokusudiwa kuondoa salfa chenyewe kimejengwa kwa salfa.

Tatizo lililobaki ni oktani. Petroli ya kuvunjwa ina olefini nyingi, yaani molekuli zilizopungukiwa na haidrojeni, mara nyingi kati ya asilimia 20 na 40, na olefini hizo ndizo zinazoipa nguvu ya kustahimili mgandamizo bila injini kugonga. Haidrojeni ile ile inayovunja thiofini hupenda pia kujaza olefini, na olefini ikijazwa huwa parafini (si mafuta ya taa, bali molekuli iliyojaa haidrojeni) yenye oktani ndogo. Ukisukuma kazi kwa nguvu hadi salfa iishe, umetoa petroli safi isiyofaa kuuzwa bila kuongezewa oktani kwa gharama. Ukilegeza, oktani inabaki na salfa inabaki. Mezani pa meneja wa kiwanda uamuzi huu ni wa fedha: haidrojeni ni ghali, oktani ni ghali, na salfa iliyoachwa haimgharimu yeye kitu ila pale sheria ya nchi anakouza inapomzuia.

Wahandisi walipata njia ya kupita katikati kwa kuangalia mpangilio wa vitu hivi. Olefini nyingi zimo katika sehemu nyepesi ya petroli, na salfa nyingi imo katika sehemu nzito. Kwa hiyo petroli hupitishwa kwanza kwenye kichocheo cha upole, ambacho huziunganisha merkaptani nyepesi na baadhi ya olefini ziwe molekuli nzito zaidi. Kisha hutenganishwa, na sehemu nyepesi, iliyoachwa na salfa kidogo sana, huenda zake bila kuguswa tena na haidrojeni, wakati sehemu nzito peke yake ndiyo hupelekwa katika mtungi wa kobalti na molibdeni. Hata hapo kuna mtego: haidrojeni salfaidi iliyokwisha kutolewa inaweza kukutana na olefini mwishoni mwa mtungi, ikajishikiza kwake na kuzaa merkaptani mpya. Kiwanda kinachotaka kushuka hadi sehemu 10 kwa milioni hupambana zaidi na salfa hii iliyorudi kuliko na thiofini ya awali. Njia nyingine iliyoanza kutumika Borger, Texas, mwaka 2001, hukwepa mtego huo kwa kutumia nikeli na oksaidi ya zinki: nikeli huing'oa salfa, zinki huimeza papo hapo, na gesi ile haipati nafasi ya kuzurura. Mimi huona akili nyingi katika hilo.

Karibu haidrojeni salfaidi yote inayozalishwa katika kiwanda hukamatwa. Hupitishwa katika mnara wa amini inayoinyonya, kisha huchomwa kwa sehemu na kupitishwa juu ya vichocheo kwa njia ya Claus, iliyobuniwa mwaka 1883, na mwisho wake ni salfa ya manjano, ile wazee wetu waliyoiita kiberiti kabla neno hilo halijahamia kwenye njiti za kuwashia moto. Huuzwa kwa watengenezaji wa asidi na mbolea. Naomba msomaji aishike picha hii: haidrojeni, salfa, kichocheo cha metali, joto, gesi ya mayai viza, na mnara unaosubiri kuikamata.

Sasa turudi kwenye gari. Japani imeweka kikomo cha salfa katika petroli kuwa sehemu 10 kwa milioni tangu 2008, na masega ya gari hili yalizaliwa na kukulia katika petroli hiyo. Nchi za Afrika Mashariki, kuanzia Januari 2015, zilikubaliana dizeli isizidi sehemu 50 na petroli isizidi 150. Hiyo ilikuwa hatua kubwa ukilinganisha na tulikotoka, na kikomo ni dari, kwa hiyo shehena inayoingia Mombasa inaweza kuwa chini yake. Hata hivyo hesabu yake inafaa kufanywa. Tangi la lita 40 lina petroli ya kilo 30 hivi. Kwa sehemu 10 kwa milioni, salfa iliyomo ni gramu 0.3, kwa sehemu 150 ni gramu 4.5. Mpwa wangu hujaza tangi karibu mara mbili kwa wiki. Kwa mwaka, gari lililozoea kupitisha gramu 30 linaweza kupitisha karibu nusu kilo.

Ndani ya injini salfa hiyo huungua kuwa dioksaidi ya salfa, gesi kali ambayo kwa kiasi hiki haisikiki kirahisi. Ndiyo hutoka katika boti na bodaboda. Katika masega mambo hubadilika. Dereva anapoondoa mguu kwenye mafuta, kompyuta hukata petroli, na hewa tupu hupita katika masega yaliyo moto. Oksijeni hiyo huigeuza dioksaidi ya salfa kuwa salfeti, nayo hujibandika juu ya oksaidi ya seriamu. Hapo hakuna harufu, ni akiba inayowekwa. Dereva anapokanyaga tena, petroli huzidi hewa, moshi hujaa kaboni monoksaidi na haidrojeni, na haidrojeni hiyo, juu ya paladiamu na platinamu, huinyang'anya salfeti oksijeni yake na kuitoa salfa ikiwa haidrojeni salfaidi. Matuta ya Gede yalikuwa yakifanya kazi hiyo kila safari: mguu unaondoka, akiba inawekwa, mguu unarudi, akiba inatolewa.

Niliposema hayo kwa fundi, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hivyo, Mzee, masega hayajafa?" Nilimjibu kwamba masega yalikuwa yakifanya kazi ambayo kiwanda hakikuimaliza. Haidrojeni, salfa, metali na joto, vyote vilikuwapo chini ya kiti cha abiria, isipokuwa mnara wa kukamata gesi. Salfa ambayo mtu fulani aliona ni ghali kuiondoa kwa haidrojeni ya kiwanda iliondolewa kwa haidrojeni ya moshi, njia panda ya Gede, mbele ya pua za abiria.

Lakini maelezo haya peke yake hayakutosha, na fundi aliliona hilo haraka. Magari mengi ya aina hiyo hiyo hunywa petroli hiyo hiyo Malindi bila kunuka kiasi hicho. Lazima kulikuwa na kitu kilichoongeza petroli ndani ya gari hili kupita kiasi. Alifungua plagi nne. Tatu zilikuwa na rangi ya kahawia hafifu, na moja, ya silinda ya tatu, ilikuwa nyeusi tii kwa masizi. Kipimo nacho kilionyesha kwamba kompyuta, injini ikiwa inazunguka bila mzigo, ilikuwa ikipunguza petroli sana ili kufidia ziada inayotoka mahali fulani. Nozeli ya silinda hiyo, yaani kifaa kinachonyunyiza petroli, ilikuwa ikivuja. Kila gari lilipopunguza mwendo, matone yaliendelea kudondoka, na kompyuta iliporudisha mafuta, mchanganyiko ulikuwa mzito kuliko ilivyotakiwa, kwa hiyo haidrojeni katika moshi ilikuwa nyingi na akiba yote ya salfa ikatolewa kwa mkupuo mmoja.

Kuhusu ushauri wa kutoa masega, nataka nimtendee fundi haki. Kwa upande wa harufu, ushauri wake ungefaulu kabisa. Bila masega salfa ingetoka kama dioksaidi, abiria wasingesikia kitu, na mpwa wangu angelipwa fedha juu yake. Salfa isingepungua hata gramu moja. Na nozeli ingeendelea kuvuja, kaboni monoksaidi na petroli isiyoungua zingetoka moja kwa moja kwenye steji ambako madereva hukaa siku nzima na kina mama huuza viazi karai. Kosa lenyewe lingefichwa na tiba.

Pia neno "yamekufa" halikuwa sahihi, na tofauti yake ni muhimu kwa yeyote anayeletewa ushauri kama huo. Risasi, yaani metali ya ledi, iliyokuwa ikitiwa katika petroli ya nchi zetu hadi mwisho wa mwaka 2005 huua masega moja kwa moja, na haina tiba. Ndiyo sababu kabla ya hapo masega ya gari lililoagizwa hayakuwa na maisha hapa. Salfa hukalia nafasi za kazi, huipunguzia seriamu uwezo wa kuhifadhi oksijeni, na kwa hilo huweza kuwasha P0420 hata kama kichocheo chenyewe bado kizima, lakini joto kali la nyuzi zaidi ya 600, moshi ukiwa na hewa pungufu kidogo, huweza kuiondoa kwa sehemu kubwa. Gari linalozunguka mjini kwa safari fupi halifikii joto hilo mara kwa mara.

Nozeli ilibadilishwa, plagi zikabadilishwa, kosa likafutwa katika kompyuta. Kisha mpwa wangu alilipeleka gari asubuhi mapema barabara ya Garsen, akapita Mambrui na Gongoni kwa mwendo wa kasi usiobadilika, akarudi. Siku hiyo ya kwanza harufu ilikuwa mbaya kuliko siku zote, kama nilivyomwonya, kwa kuwa akiba ya miezi ilikuwa ikitoka. Baada ya hapo ilishuka. Taa haijawaka tena, na plagi ya silinda ya tatu ilipofunguliwa kwenye sevisi iliyofuata ilikuwa kahawia kama wenzake.

Abiria hawalalamiki sasa. Yeye mwenyewe, kwa kuwa ameshaijua, bado huisikia kwa mbali baadhi ya jioni akiwa na madirisha wazi na upepo ukitoka nyuma, pale pale kwenye matuta ya Gede, na aliniuliza kama akihamia kituo kingine itaisha. Nilimwambia kwamba petroli ya vituo vyote vya Malindi huja kwa lori kutoka Mombasa, na ya Mombasa huja na meli ikiwa imeshasafishwa, kwa hiyo kituo atakachochagua hakitabadilisha salfa iliyomo.